Mtani Aliyezikwa Chini ya Mnara

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, watu wa kambi walipanga foleni mbele ya kioo cha Otilia Mapunda kuchukua machujio mapya. Otilia alikaa ndani, penye hewa safi. Wao walisimama nje kwenye vumbi, kila mmoja na kofia yake nzito iliyofunika kichwa chote hadi shingoni. Alisukuma droo, mtu akachukua chujio, akalipachika chini ya kidevu, akaenda zake shimoni. Kioo kilikuwa kinene, sauti haikupita. Kilichopita ni kile kilichosemwa ndani ya kofia moja na kusikika ndani ya nyingine. Kwa hiyo Otilia naye alikaa na kofia kichwani, ingawa chumba chake hakikuwa na vumbi.

Mzee Alfons Kihwele alipenda kuja wa mwisho.

"Habari za asubuhi, Otilia," sauti ilisema sikioni mwake. "Nakutakia kazi njema."

"Nzuri, Mzee Kihwele. Nawe pia."

Wengine wakishajibiwa huondoka. Yeye hakuondoka. Alisimama na chujio mkononi, akamtazama kama mtu aliyetega mtego na kungoja unase. Kisha akatikisa kichwa, akaenda.

Otilia alijua ni Mhehe, jina lilitosha. Yeye mwenyewe alikuwa Mngoni wa Songea. Babu zao walipigana vita vikali hata wakachoka, na baada ya kuchoka wakawa watani. Nyumbani, Mhehe akikutana na Mngoni hospitali au sokoni hawasalimiani kabla ya kutukanana. Shangazi yake Otilia, Redemta, alisifika kwa kazi hiyo. Misibani alikuwa akiwafanya waliofiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Otilia alikuwa anajificha nyuma ya kanga ya shangazi. Hata kuitikia jina lake mbele ya watu alikuwa akiona haya.

Lakini wiki ya kwanza hapa kambini upweke ulimzidi. Akajikaza, akamwambia mzee yule, "Wewe mla mbwa, umeamkaje?"

Mzee akajibu, "Nzuri, Otilia. Nakutakia kazi njema."

Uso ulimwaka ndani ya kofia. Alidhani huyu ni Mhehe aliyestaarabika, asiyetaka mambo ya kizamani. Hakurudia tena.

*

Kambi ilikuwa katika uwanda wa Shinari, kando ya shimo kubwa la mraba ambalo zamani lilijaa maji na matete. Wenyeji walijua miaka yote kwamba mnara ule wa Maandiko ulisimama pale. Mradi wa kuufukua ulikausha maji, ukaleta wachimbaji kutoka pande zote za dunia, na mitambo ya kunyonya vumbi iliyonguruma mchana kutwa. Vumbi lenyewe liliua mapafu. Ndiyo sababu ya kofia, na ndiyo sababu ya sheria: anayevua kofia nje ya chumba hurudishwa kwao kwa ndege ya kwanza. Watu walikula vyumbani mwao, kila mtu na mlango wake uliofungwa.

Kofia zilikuwa pia ndimi za kambi. Mtu alisema kwa lugha yake, mwenzake akasikia kwa lugha yake. Hata Kiswahili kwa Kiswahili kilipita humo humo, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Kabla Otilia hajafika, katika kambi nyingine upande wa juu wa mto, mtu alisema neno baya juu ya mama wa mwenzake. Kofia ikalitafsiri sawasawa. Jua lilipozama watu walikuwa wameuana kwa koleo. Baada ya hapo Mradi uliweka kilainishi, kifaa kidogo katika njia ya sauti kilicholainisha maneno mabaya kabla hayajafika; utani, Otilia alidhani, kiliuacha. Tangu siku hiyo hakuna ugomvi uliotokea. Wala Otilia hakukumbuka kusikia mtu akicheka.

Siku moja Otilia alipeleka machujio ya akiba shimoni, na Daktari Hanaa, mkuu wa uchimbaji, akamwomba amshikie kijiti cha kupimia. Daktari alikuwa mwenyeji wa Hilla, mji wa jirani. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetembea kati ya makaburi ya kale kama mtu apitaye sebuleni kwake.

"Hawa ndio waliojenga," Daktari alisema. "Wa tabaka la chini la udongo walizikwa kila mtu kwa desturi ya kwao. Huyu amekunjwa kama mtoto tumboni. Yule amenyooshwa, na bakuli kifuani. Na pale mtu amelazwa na mbwa wake."

Neno mbwa lilimfanya Otilia ageuke bila kutaka. Mzee Kihwele alikuwa amepiga magoti katika kaburi la pili, akipangusa fuvu kwa brashi. Naye alikuwa amegeuka. Macho yao yakakutana, midomo ya mzee ikachezacheza nyuma ya kioo cha kofia.

"Kazi inaendelea vizuri," Otilia akasikia.

"Sasa tazama tabaka la juu yake," Daktari aliendelea. "Watoto wao, au wajukuu. Wote kwenye mstari mmoja, uso kuelekea mnara. Hakuna bakuli, hakuna shanga, hakuna mbwa."

"Walikuwa maskini?" Otilia aliuliza.

"Hapana. Meno yanaonyesha walikula vizuri kuliko wazee wao. Na matofali ya wakati huo ndiyo bora kabisa, yamechomwa yakaiva, yamelingana kama mapacha."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna makaburi tena. Nyumba zimefagiliwa. Mawe ya kusagia yamegeuzwa, uso chini. Sijaona majivu ya vita, sijaona mfupa uliopigwa. Mtaa mmoja umehama, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mnara ukabaki nusu."

Mzee Kihwele alikuwa amesimama kuwasikiliza. "Kwa nini waliondoka, Daktari?"

"Kitabu kinasema lugha zao zilivurugwa. Lakini vigae vya vyungu vinaonyesha watu wa makabila mengi tangu tabaka la chini kabisa, na kazi ilikwenda. Ninachokiona ardhini ni kwamba kilichobadilika kwanza ni makaburi." Daktari alipangusa vumbi kwenye kioo cha kofia yake. "Zaidi ya hapo mifupa haisemi. Siwezi kuisemea."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye fuvu lake. Otilia alimwacha hivyo, amepiga magoti, mgongo kwao.

*

Habari ilikuja siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Birendra, mnyapara wa wachimbaji, mtu wa milima ya Nepali mwenye mabega mapana, alisimama mbele ya kioo cha Otilia akiwa na kofia tupu mikononi.

"Rafiki yetu Alfons amepumzika," sauti yake ilisema. "Moyo wake ulisimama. Alikuwa mtu mwema."

Alijaribu kuiingiza kofia kwenye droo. Haikuenea. Aliigeuza, akajaribu tena, akaisukuma kwa kiganja. Mwisho akaiacha kwenye kizingiti cha dirisha, akaondoka bila kusema lingine.

Msimu wa vumbi ndege hazikutua ila kwa nadra. Maiti haingeweza kungoja. Sheria ya kambi ilisema marehemu azikwe kesho yake asubuhi, katika uwanja wa makaburi karibu na shimo, na mtambo usome maneno ya kuaga. Maneno yalikuwa yale yale kwa kila mtu.

Jioni Daktari Hanaa alimwita Otilia ofisini. Ofisi ilikuwa na hewa safi, kwa hiyo wote wawili walikuwa vichwa wazi. Otilia alishangaa kuona Daktari ana mvi nyingi. Mezani palikuwa na kioo cha jamaa, kile cha kupigia simu nyumbani. Simu za nyumbani hazikupita kwenye kofia.

"Dada yake anataka kuongea," Daktari alisema kwa Kiingereza cha taratibu, ambacho Otilia alikifuata kwa shida. "Nimeona ni vizuri awepo mtu wa kwao."

Kwenye kioo alitokea mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cheusi. Nyuma yake watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, na moto ulikuwa unawaka uani. Ilikuwa Tosamaganga, Iringa. Jina lake Eufrasia.

"Wewe ndiye Mngoni wa dirishani?" aliuliza.

"Ndiyo, dada. Poleni sana kwa msiba."

"Pole yako kaa nayo." Alimtazama kwa muda. "Kweli ni mwembamba. Alfons alisema, Eufrasia, nimempata Mngoni huku jangwani, mwembamba kama mkia wa panya anaowala. Kila Jumapili ni habari zako tu. Namchokoza kila asubuhi, anasema. Namuuliza leo umekula panya wangapi. Namwambia babu yako alikimbia kutoka kusini mpaka nyayo zikaisha. Unajua ulikuwa unamjibu nini?"

Otilia alisogeza kiti karibu na kioo.

"Ulikuwa unamjibu, nzuri, Mzee Kihwele, nawe pia. Kila siku ya Mungu. Nikamwambia, achana naye, huyo ana maringo. Akasema hapana. Siku moja atanitukana tu, Mngoni hawezi kujizuia."

"Sikusikia, dada," Otilia alisema. "Hayakunifikia. Nilisikia ananitakia kazi njema."

Mtu nyuma yake aliongeza kuni motoni.

"Basi na yeye hakukusikia," Eufrasia alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nani anamzika kesho?"

"Mtambo unasoma maneno."

"Mtambo ni mtani wa nani?"

Eufrasia alikaza kitambaa chake cheusi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwetu, mtu asipotukanwa na mtani wake kaburini, huyo hajazikwa. Amefukiwa. Mama yuko hapa nyuma, masikio yamekufa, lakini tangu mchana anauliza jambo moja tu. Anauliza kama huko kuna mtani. Nimwambieje?"

Daktari Hanaa alikuwa anamtazama Otilia, bila kuelewa lugha, akisubiri. Otilia aliangalia meza.

"Mwambie yupo," alisema, kwa sauti ndogo hata Eufrasia akamwomba arudie.

*

Alijifungia katika chumba cha kutengenezea kofia. Aliiweka kofia ya Mzee Kihwele mezani, sikio lake likiwa juu, akavaa ya kwake.

"Mhehe mla mbwa," alisema.

Kofia ya mezani ikasema kwa upole, "Rafiki yangu mpendwa."

Alifikiri. Akatafuta ndani ya moyo wake neno baya la kweli, lile ambalo hata shangazi Redemta hakuwahi kulitumia. "Nakuchukia. Ningefurahi ukifa."

"Rafiki yangu mpendwa," kofia ikasema, kwa upole ule ule.

Alikaa akiitazama. Basi mashine haikujua tofauti. Ilikuwa kama mtu afagiaye ua kwa pupa, akazoa takataka pamoja na pete iliyoanguka.

Kazi yake nyingine ilikuwa kutengeneza kofia zilizoharibika, kwa hiyo alijua mahali pa kulegeza. Kofia moja ingeweza kufunguliwa upande wa kusikia, maneno yakaifikia bila kulainishwa. Ukutani, chini ya kifuniko chekundu, ilikuwa swichi ya kilainishi cha kambi yote. Hakuigusa. Alilegeza ya kwake tu, akatoka nje.

Kwa mara ya kwanza aliisikia kambi. Karibu na ghala mpishi alimwambia mwenzake, "Wewe mwizi wa chumvi, leo tena umewalisha watu maji ya bahari," na macho yake yalikuwa yanacheka, yanangoja. Mwenzake akainamisha kichwa kwa adabu na kusema asante. Macho ya mpishi yakazimika. Mbele kidogo kijana mmoja alimwambia mwingine maneno juu ya dini yake ambayo Otilia alitamani asingeyasikia, na mwenzake akampigapiga begani kwa urafiki. Alitembea upesi.

Kwenye uwanja wa makaburi, Birendra alikuwa anachimba peke yake. Sanduku la mzee lilikuwa kivulini. Birendra alisimama, akaegemea koleo, akaliambia sanduku.

"Mvivu," alisema. "Hata kufa umekufa wakati wa zamu yako. Umeniachia koleo, punda mzee. Mtu asiye na faida."

Otilia alirudi nyuma hatua moja. Sauti ya mtu huyo ilikuwa nzito na imekauka. Je, ndivyo alivyokuwa anamwambia mzee siku zote, na mzee alikuwa anasikia rafiki, rafiki? Au huko milimani kwao nako kuna watani? Hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa amefungua sikio, na bado hakujua.

Alimkuta Daktari ofisini, akavua kofia, akamweleza kwa Kiingereza chake kibovu. Alimweleza juu ya utani. Aliomba kilainishi kizimwe kesho, wakati wa mazishi tu.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikuwa katika kambi ile ya juu ya mto," alisema. "Neno lilitafsiriwa sawasawa. Halikukosewa hata kidogo. Nilimzika kaka yangu kule."

"Pole, Daktari."

"Ukifungua, hutafungua lako peke yako. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nimesikia leo." Otilia alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Lakini Daktari, makaburi yale ya mstari mmoja uliyaona wewe."

Daktari aligeukia dirishani. Kule nje mitambo ilikuwa inanguruma na jua limekuwa jekundu kwa vumbi.

"Niliyaona," alisema. Hakukubali wala hakukataa, na Otilia akaelewa kwamba hangesema zaidi.

Alirudi chumba cha kofia, akafungua kifuniko chekundu, akaweka kidole juu ya swichi. Alimfikiria mpishi na macho yake yaliyozimika. Alimfikiria kijana aliyepigapiga bega la mtu anayemchukia. Kesho watu wote watasimama kaburini, mkono wa kila mtu karibu na koleo. Kisha akafikiri juu ya Songea. Shangazi Redemta alikufa mwaka uliopita, na nyumba yao sasa inakaliwa na watu wengine. Akirudishwa hakuna anayemngoja kituoni. Hapa kambini hakuwa na rafiki, lakini alikuwa na dirisha, na watu walikuja kila asubuhi.

Alifunga kifuniko. Swichi ilikuwa ya watu wote. Kofia ilikuwa yake.

*

Asubuhi mitambo ilizimwa kwa heshima ya marehemu. Watu walijipanga pande mbili za kaburi, wote na kofia, wote wakitazama mbele. Kioo cha jamaa kilisimamishwa juu ya kigoda, na ndani yake Eufrasia, na kando yake bibi kizee aliyefunikwa blanketi.

Ndani ya kofia zote sauti ilianza. "Tumekutana kumuaga mwenzetu mpendwa. Alikuwa mtu mwema. Alifanya kazi kwa bidii."

Otilia alisimama mwisho wa mstari. Alimwona akilini shangazi Redemta, jinsi alivyokuwa akijifunga kanga kiunoni kabla ya kuingia kwenye msiba wa Wahehe, kama mtu anayekwenda kupigana. Akafungua kishikizo chini ya kidevu. Akavua kofia, akaiweka chini.

Vumbi lilimwingia kooni papo hapo, akakohoa. Vichwa vyote vya kofia viligeuka. Hakungoja aibu imfikie. Alikimbia mpaka ukingoni, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa," alisema kwa Kiswahili. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Akameza mate, akaongeza nguvu. "Nimesema hazikwi mtu. Kaburi hili ni langu, nimelikuta tupu. Mnamleta nani? Mhehe? Mmehakikisha amekufa? Wahehe hulala popote, hata kwenye kazi za watu."

Juu yake aliona mstari wa kofia na anga la kijivu. Hakuna aliyesikia neno. Kofia zilifunga kila kitu. Waliona tu msichana mwenye haya wa dirishani, amelala kaburini, mdomo unakwenda.

"Alfons, mla mbwa wewe. Ulikimbilia Shinari ukidhani sitakufikia? Kila asubuhi unanitukana, unadhani sisikii? Nimesikia jana. Nimechelewa, lakini nimesikia. Leo mbwa wote wa Iringa wanacheza ngoma, hata walio vilema. Babu yako alimpigia magoti babu yangu, na wewe utanipigia magoti huko uendako." Sauti ilikatika. Akaikamata tena. "Sitoki humu. Sitoki mpaka niletewe kuku. Jogoo, na mkia wake. Nyie Wahehe mlioko huko kwenye kioo, nani analipa?"

Aliwaza kwamba hata huko nyumbani hayakufika. Halafu sauti ya Eufrasia ikalia kwa nguvu kutoka juu ya kigoda.

"Mngoni amjue kuku wapi? Mpeni panya atoke upesi, maiti inaungua jua."

Watu wa kwenye mikeka kule Tosamaganga walicheka. Kilikuwa kicheko cha msiba, kilichovunjika katikati na kuwa kilio, kisha kikawa kicheko tena. Mtu alimwinamia bibi kizee, akampigia kelele sikioni maneno yote, moja baada ya jingine. Bibi alitingisha bega. Alisema kitu.

"Mama anasema huyo ni Mngoni kweli," Eufrasia alisema, akijifuta uso. "Anasema sasa mwanawe amefika."

Otilia alinyoosha mkono juu, kiganja wazi, kama shangazi. Hatoki mtu bila malipo. Mkono ulikaa hewani. Alijua hakuna pale aliyeelewa mkono ule unadai nini, na hewa ilikuwa inamkwaruza mapafu.

Kofia moja mstarini ilisogea. Birendra alikuja hadi ukingoni, akapiga magoti. Akafungua kishikizo, akavua yake. Otilia hakuwahi kuuona uso wake bila kioo. Ulikuwa wa mtu mzima kuliko alivyodhani. Alimtazama Otilia, akatazama kioo ambako watu walikuwa bado wanacheka na kulia, akatazama sanduku. Akasema maneno matatu au manne kwa lugha yake, akiliambia sanduku. Sauti ilikuwa ile ile ya jana, nzito, iliyokauka. Yawezekana yalikuwa matusi yale yale. Aliyasema machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Kisha akang'oa chujio kwenye kofia yake. Lilikuwa jipya, Otilia alilitoa mwenyewe alfajiri. Akaliweka kwenye kiganja chake kilicho wazi.

Otilia alilishika. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayechunguza kama jogoo ni mnono.

"Haya," alisema. "Amelipiwa. Mzikeni."

Birendra akampa mkono, akamvuta juu. Waliobaki hawakuvua kofia. Daktari Hanaa alikuwa amepeleka vidole kwenye kishikizo chake. Vilikaa pale wakati wote sanduku likishushwa, na pale pale vikabaki.

*

Ndege ilipata nafasi ya kutua juma lililofuata. Asubuhi ya kuondoka, Otilia aligawa machujio kwa mara ya mwisho, kofia yake ikiwa imekazwa tena kama za wengine. Kifua bado kilikuwa kinamuuma akivuta pumzi. Watu walipita mmoja mmoja, wakimtakia safari njema kwa sauti ile ile laini, naye akawatakia kazi njema. Mpishi alikaa kidogo mbele ya kioo kabla ya kuondoka, na Otilia akamwambia, "Mwizi wa chumvi." Hakujua mpishi alisikia nini. Lakini alimwona akigeuka nyuma, na kugeuka tena.

Birendra alikuja wa mwisho. Naye alikuwa na tiketi ya ndege ile ile, na ya nyingine ya kumfikisha kwao. Alichukua chujio lake kwenye droo. Hakuondoka. Alisimama akimtazama, kisha, hapo nje kwenye vumbi, akavua kofia tena. Midomo yake ilicheza. Kioo kilikuwa kinene, hakuna kilichopita, lakini Otilia aliyaona maneno yakitoka, na alidhani yana umbo lile lile la kaburini.

Naye akavua yake.

"Punda mzee," alimwambia. "Nenda zako milimani ukalale."

Birendra alitazama midomo yake hadi ikakoma. Alikuwa hajasikia kitu. Akatikisa kichwa polepole, kama mzee yule alivyokuwa akitikisa, na pembe za macho yake zikakunjamana.

Wakavaa kofia zao.

"Nakutakia safari njema, Otilia," sauti ikasema sikioni mwake. Alisikiliza kwa makini, hadi mwisho kabisa wa neno la mwisho, na hakuweza kutambua ni nani aliyelisema.